Ulipo Moyo wa Baba Kuria

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, Eddah alitoa kipimo cha presha kabatini, akamfunga mumewe mkono wa kushoto, akabonyeza kitufe. Mashine ilivuta hewa, ikanguruma, ikashusha pumzi, kisha ikaandika kwamba kuna hitilafu. Akabadilisha betri. Ikaandika vilevile. Akajifunga mwenyewe, nayo ikampa namba zake bila ubishi. Ndipo alipoinama juu ya kochi, akaweka sikio kifuani mwa Ephantus, ambaye tayari alikuwa amesinzia na tai yake ya kanisani imelegea. Mapafu yalikuwa yakifanya kazi. Tumbo lilikuwa likishughulika na kuku. Lakini upande wa kushoto, mahali ambapo miaka ya mwanzo ya ndoa yao alizoea kusikia moyo unaoburuta pigo moja kila baada ya mengine kadhaa, kama mtu aliyevaa kiatu kisichomtosha, hapakuwa na kitu. Palikuwa kimya kama ghala lililokwisha kuuzwa mahindi yote.

Eddah alirudi jikoni akamalizia kuosha vyombo. Alikuwa na swali moja tu, ambalo mke yeyote angekuwa nalo: ameupeleka kwa nani?

Ephantus alipoamka, alimwekea chai mezani akamuuliza.

"Baba Kuria, moyo wako uko wapi?"

"Uko."

"Uko wapi?"

"Mahali salama." Akakoroga sukari. "Leo hakuna mkate?"

Ephantus hakuwa mtu wa kupoteza vitu. Duka lake la pembejeo lilikuwa kubwa kuliko mengine yote katika mtaa ule wa Eldoret. Wakulima walitoka mbali kuja kununua mbegu na mbolea kwake, kwa sababu hakuuza mbegu bandia na alikuwa na namba ya simu ya kila mteja. Nyumba yao ya Elgon View ilikuwa na ghorofa, ua wa michongoma na mahali pa magari mengi kuliko waliyokuwa nayo. Alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mtu wa namna hiyo moyo ukimtoka, basi ameutoa kwa hiari na amepewa kitu. Hivyo ndivyo Eddah alivyowaza.

Jumatatu alimpeleka kwa daktari. Daktari Cynthia alikuwa na kliniki mjini, mwanamke mnyamavu mwenye mikono baridi. Alimsikiliza Ephantus mbele, akamsikiliza mgongoni, akamwambia avute pumzi, akamwambia aishike.

"Moyo hauko," alisema, akining'iniza kipimo chake shingoni. "Lakini mapafu ni safi. Punguza chumvi, Mzee."

"Anaweza kuishi hivyo?" Eddah aliuliza.

"Wengi wanaishi, Mama. Hapa mjini ninao kadhaa, na wanapiga kazi vizuri tu. Muhimu ni usisumbuliwe pale ulipo. Kama unajua ulipo, usijenge kitu kizito juu yake."

Ephantus aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo alilokwisha kulizingatia. Eddah akaliona hilo.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Jumapili ya Uwakili. Mchungaji Paul alihubiri juu ya kumpenda Bwana kwa moyo wote, kwa roho yote, kwa nguvu zote. Alipofika kwenye maneno yale kuhusu hazina na mahali inapowekwa, aliyapita haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai, kisha akamkaribisha Ephantus atoe ushuhuda. Ephantus alisimama mbele ya madirisha mapya aliyoyanunua yeye, akasema kwamba alipookoka alimwambia Mungu, "Bwana, moyo wangu wote ni wako." Waumini wakasema amina. Eddah, kwenye kiti cha tatu, alikiangalia kifua cha mumewe ndani ya suti ya kijivu, hakusema amina. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Baada ya ibada alimngoja mchungaji kando ya mlango wa ofisi yake.

"Mchungaji, mzee wangu hana moyo. Nimesikiliza, na daktari amesikiliza."

Mchungaji Paul alitazama mbao ambazo mafundi walikuwa wameziacha juu ya paa la jengo jipya. "Mama Kuria," alisema taratibu, "mimi huyo mzee nimemwona akitoa. Mungu anaangalia mkono pia."

"Mkono umeunganishwa na nini, Mchungaji?"

"Tuombe," akasema mchungaji, akafumba macho.

Tangu siku hiyo Eddah alianza kusikiliza vitu. Aliweka sikio kwenye mto wa mumewe na kwenye koti lake la baridi. Alisikiliza sefu ya chumbani, ambayo haikuwa na sauti yoyote. Alifungua mlango wa gari akainama juu ya usukani, na askari wa jirani akamsalimia, akampisha. Alikwenda dukani akapita kati ya magunia ya mbolea akiyagusa kwa kiganja, moja baada ya jingine, kama anayetafuta ng'ombe mwenye homa. Mwishowe akamfikia Diana, msichana wa keshia, aliyekuwa mrembo na ambaye Ephantus alikuwa amempa simu mpya ya kazi. Eddah alimkumbatia. Alimkumbatia kwa muda mrefu sana, shavu lake likiwa kifuani mwa msichana, mpaka wateja wakanyamaza.

Ulikuwa moyo mmoja tu, na ulikuwa ukikimbia kwa woga.

"Mama, nimekosa nini?" Diana aliuliza.

"Bado," Eddah akasema, akaenda zake.

Kilichomsaidia ni viazi. Kila Alhamisi Ephantus alisema anakwenda Moi's Bridge kuona wakulima wa mahindi, na kila Alhamisi jioni alirudi amevaa sweta, na kwenye buti ya gari mna viazi na kabeji. Eddah alikuwa amekula viazi hivyo miaka mingi bila kuviuliza maswali. Sasa alikishika kimoja akakigeuzageuza chini ya bomba. Moi's Bridge mtu hukupa mahindi ukamwomba asikuongezee. Viazi vya namna hii, vyenye udongo mweusi uliogandamana machoni, pamoja na baridi ya kumvalisha mtu sweta mchana, hutoka upande mwingine kabisa, njia ya Nakuru.

Jumatano aliendesha gari lake kwa njia hiyo mpaka Burnt Forest. Sokoni alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akipanga viazi kwenye debe kama anamjua Mzee Ephantus wa mbegu.

"Nani hamjui?" mama akasema. "Fuata hiyo barabara ya vumbi mpaka uone geti ya kijani. Hiyo shamba inadunda." Akaongeza kiazi kimoja juu ya debe. "Ndama wakilala kando ya hiyo fence hawasumbui. Watoto wa shule pia tunawapitisha huko kama wanakataa kulala mchana."

Kwenye geti la kijani palikuwa na askari mmoja mzee, aliyevaa gambuti na koti la mvua, jina lake Stephen. Alipoambiwa ni mke wa Mzee, akafungua. Shamba lilipanda taratibu mpaka kwenye mstari wa miti ya mibau. Eddah alilitambua kabla hajazima injini. Alikuwa amelijua likiwa na nyumba ya mbao na birika la maji. Nyumba haikuwepo tena, ila mibau ilikuwa ile ile, na mahali nyumba ilipokuwa palikuwa na kiti kimoja cha plastiki, kimeelekea kaskazini.

Alivua viatu. Alitandika leso kando ya kiti, akalala kifudifudi, akaweka sikio chini.

Moyo wa Ephantus ulikuwa pale. Aliujua mara moja, na ule mguu wake wa kuburuta. Ulidunda kwa utulivu ambao hakuwahi kuusikia ulipokuwa kifuani, moyo wa mtu aliyeshiba. Eddah alikuwa karibu kuinuka aliposikia wa pili. Ulikuwa mwepesi na wa haraka, hatua mbili tu kutoka ule wa kwanza, kama mwanamke anayetembea na mwanamume anayemwacha nyuma makusudi.

Aliketi. Alijipangusa udongo shavuni. Basi ilikuwa kweli. Na hakuona fahari yoyote ya kuwa alikisia sawasawa.

"Stephen," aliita. "Ni mwanamke gani anakuja hapa?"

"Hakuna mwanamke, Mama. Ni Mzee tu. Anakaa kwa hicho kiti, anakula mkate, anaomba, anaenda."

"Kuna mioyo miwili hapa."

"Ndiyo." Stephen aliegemea fimbo yake. "Hiyo ndogo ndio ilikuwa hapa kwanza. Nikiandikwa kazi niliikuta. Ya Mzee ilikuja nyuma, wakati title ya shamba ilitoka. Nilikuwa nimesimama tu hapo. Alishika hiyo karatasi, akacheka kidogo, akakaa chini, na hapo chini ikaanza."

Eddah hakuuliza zaidi, kwa kuwa sasa alijua moyo mdogo ulikuwa wa nani.

Waithira na mumewe Mbuthia walikuwa waumini wenzao, na shamba hili lilikuwa lao. Januari ile ya vurugu za baada ya uchaguzi, Mbuthia alizikwa kwa haraka bila nyimbo, na Waithira akalala na watoto wake kwenye sebule ya Eddah, wakati ule Eddah na Ephantus wakiishi bado kwenye nyumba ya kupanga. Siku aliyopata lori la kumpeleka kwa dada yake Ol Kalou, alimkabidhi Ephantus hatimiliki ya shamba, akatia sahihi mahali alipoonyeshwa, ili mtu mwingine asije akalinyakua. "Nitakuwekea kama mali ya Bwana," Ephantus alimwambia. Waliomba wakiwa wameshikana mikono. Eddah alimimina chai. Baadaye, mwaka walioanza kujenga Elgon View, alimuuliza mumewe habari za lile shamba, naye akamwambia Waithira alilipwa na akaridhika. Eddah alikuwa akichagua vigae vya bafu. Aliridhika pia.

Hakumwambia mumewe kwamba anakwenda Ol Kalou. Alimkuta Waithira nyuma ya nyumba ya mabati ya kupanga, akiwapa kuku maji. Alikuwa amekonda na nywele zake zimekuwa nyeupe kwa mbele. Walisalimiana wakaulizana habari za watoto. Waithira alipika chai, wakanywa, na hakuna aliyetaja Burnt Forest mpaka vikombe vilipokwisha.

"Waithira, naomba nikusikilize kifua."

Waithira alifungua kifungo cha sweta kana kwamba ameombwa kijiko. Eddah aliweka sikio. Kulikuwa na ukimya, ule ule wa kochini nyumbani kwake.

"Ulitoka lini?"

"Kwenye lori. Tulipopita mibau ile niliusikia unashuka. Nilidhani ni huzuni tu." Akafunga kifungo. "Nimekwenda kwa ibada nyingi tangu siku hiyo. Wanasema mpe Yesu moyo wako. Mimi huinua mikono tu, nikamwambia, Bwana, unajua ulipo, pitia hapo uuchukue." "Bado unadunda?"

"Unadunda. Ni mwepesi."

"Uko peke yake?"

Eddah alikiangalia kikombe. "Uko karibu na wa Baba Kuria."

Waithira alikusanya vyombo akavipeleka mlangoni, akasimama huko akiwa amempa mgongo. "Hata huko," akasema, "amenifuata."

Eddah alimwambia angeweza kuufukua. Angekuja nao kwenye ndoo yenye udongo wake, vile watu wanavyosafirisha miche.

"Hapana," Waithira alisema. "Si mche wa kabeji. Wangu uko kwetu. Wa kuhama ni wake."

Eddah alirudi Eldoret na maneno hayo, akayaweka mezani wakati wa chai ya saa kumi, pamoja na kiazi kimoja kikubwa ambacho hakuwa amekiosha. Ephantus alikiangalia kiazi, akakitambua.

"Mrudishie Waithira shamba lake."

"Ulikwenda." Hakukasirika. "Na moyo wangu niuweke wapi?"

"Urudishe kifuani."

"Daktari alisema usisumbuliwe."

"Baba Kuria, usinifanyie hivyo. Ulimwambia unamwekea. Mimi nilikuwepo."

"Na nimeweka. Si unaona limewekwa? Kama si mimi lingegawanywa vipande vipande, pangekuwa na maduka hapo. Fungu la kumi la kila gunia linakwenda kanisani. Ile altare ni viazi, Eddah. Yale madirisha ni viazi." Alisema jina lake, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. Kisha akashusha sauti. "Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya vibarua, kwenye shamba la mtu. Mama alipanda sukuma kando ya mlango, nyapara akaing'oa. Moyo huu tangu utotoni ulikuwa unakimbia tu, haujui pa kukaa. Nimeomba nikiwa nao kifuani miaka yote hiyo, unakimbia. Sasa nalala. Unataka niurudishe hapa ndani uanze tena?"

Eddah alimwamini. Hilo ndilo lililomtia shaka zaidi, kwamba huenda kila neno alilosema mumewe lilikuwa la kweli, hata lile la madirisha, na bado mwanamke alikuwa Ol Kalou anawapa kuku maji.

"Na wa Waithira? Nao hauna pa kukaa?"

"Si uko hapo hapo? Nani ameufukuza?"

Eddah alipeleka shauri kanisani. Kikao kilifanyika ofisini kwa mchungaji, na Waithira akaitwa. Alikuja amevaa gauni la chama cha akina mama, lenye rangi iliyofifia. Wakili wa Ephantus alikuja pia. Alieleza kwa heshima kwamba moyo wa mtu kukutwa ndani ya ardhi ni dalili nzuri ya umiliki, hasa ukiambatana na hatimiliki. Eddah akamuuliza, na moyo wa Mama Waithira je, ambao ulitangulia? Wakili alikubali kwamba ulitangulia. Shida yake, alisema, ni kwamba huo hauna karatasi.

Waithira alimgeukia Ephantus. "Mzee, siku ile uliomba ukiwa umenishika mkono. Uliomba na nini?"

Ephantus aliangalia mikono yake. "Sikumbuki," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayedanganya.

Mchungaji Paul alisema Mungu si wa machafuko. Alisema watu wawili ambao mioyo yao imekaa pamoja kwa amani miaka yote hiyo, chini ya udongo mmoja, ni mfano kwa nchi nzima, na haitakuwa vyema binadamu kutenganisha. Alipendekeza shamba libaki lilivyo, na Mzee, kwa upendo wa Kikristo, amruhusu Mama Waithira kuutembelea moyo wake Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Ephantus alikubali papo hapo. Aliongeza kwamba atampa viazi vya kubeba. Kikao kikafungwa kwa maombi. Walipoinuka, Waithira alikuwa bado amekaa, mkoba wake mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa jina.

Mwezi uliofuata kanisa lilifanya ibada ya shukrani kule shambani. Waliweka hema na viti upande wa mibau. Kwaya haikuhitaji ngoma. Walivua viatu wakayachukua mapigo kutoka chini, na wote wakakubali kwamba yalikuwa mapigo mazuri, lile zito likiburuta na lile jepesi likiliwahi. Mchungaji alihubiri juu ya mtumishi ambaye moyo wake hufanya kazi hata yeye akiwa amelala. Eddah alikaa nyuma. Alikuwa ameweka mkono ndani ya koti, chini ya titi la kushoto, na hakuuondoa mpaka ibada ilipokwisha. Alipoulizwa na akina mama wenzake, alisema ni baridi.

Mvua zilipofika, trekta ililima. Ephantus aliwaambia wapunguze kina pale kati.

Waithira huja. Hushuka stendi ya Burnt Forest kabla ya saa sita, na Eddah humchukua kwa gari mpaka kwenye geti la kijani. Eddah haulizwi kitu, kwa kuwa ni mke wa mwenye shamba. Waithira hutakiwa kuacha kitambulisho. Stephen hukichukua kwa mikono miwili, kwa adabu, akaitazama picha, akamtazama mwenyewe, na kwa sababu ameambiwa na Mzee asome pande zote, hukigeuza nyuma, ambako wilaya, tarafa na lokesheni zilizoandikwa ni za hapo hapo anaposimama. Hukiweka kwenye droo. Kisha humpa kadi ya plastiki yenye kamba, iliyoandikwa MGENI. Waithira huivaa shingoni, akaipangusa na kuinyoosha, akaingia. Na kadi hulala kifuani pake njia nzima mpaka kwenye mibau, imetulia, haitikisiki hata kidogo.